Mlango Uliofunguliwa Mara Tatu

Machi 2

Bosi kasema kila siku niandike nilichofanya kupata madereva, na msimu ukiisha nimkabidhi daftari asome. Haya, naandika. Mimi ni karani wa ajira. Malori mapya kumi yamepangwa uwanjani, viti bado vina nailoni. Ghala limejaa mbolea mpaka mlangoni, mvua zimeanza, wakulima wanaisubiri. Madereva tulio nao wanatosha malori ya zamani tu, kwa hiyo natakiwa kuleta watu kumi. Tangazo nimelibandika getini na jingine nimelipeleka redioni. Kazi ya wiki mbili hii, Bosi asinikimbize.

Machi 3

Wamekuja wawili. Mmoja kapita. Mwingine hana leseni ya tela, alidhani hatutauliza.

Machi 5

Hakuna aliyekuja, kwa hiyo nieleze utaratibu wetu, Bosi asije akasema sikuueleza. Kwetu jaribio huja kabla ya makaratasi. Dereva anapewa lori la zamani lenye tela, analirudisha rivasi mpaka sehemu ya kupakilia, kati ya ukuta wa ghala na nguzo ya chuma. Akiingia vizuri, anapanda ghorofani kwangu kujaza fomu. Akikosa, anarudisha ufunguo na kwenda zake, hata jina hatumuulizi. Jaribio ni saa saba mchana kwa sababu ndipo uwanja unakuwa mtupu. Na kwa kuwa ndiyo saa ya chakula, watu wote wa ghala wanakuwa barazani na sahani zao, wanatazama. Hakuna aliyepanga iwe hivyo, tumezoea tu. Mtu akiingia wanapiga makofi, akikosa wanapiga zaidi. Dirisha langu ndilo lenye nafasi nzuri kuliko zote.

Machi 6

Mmoja alijaribiwa. Alishindwa. Mvua.

Machi 9

Hakuna mtu.

Machi 10

Hakuna mtu. Nimesafisha kabati la mafaili.

Machi 13

Hakuna mtu. Baba mkwe kaja kukaa kwetu, anasema paa la nyumba yake linavuja. Aliendesha malori miaka thelathini na moja, mpaka magoti yakakataa. Mtu wa maneno machache sana. Mbele yake nakaa kama niko kwenye usaili, mikono magotini, "ndiyo baba", "hapana baba". Mke wangu ananicheka. Leo mezani mzee kaniuliza kazi inaendaje. Nikamwambia madereva wa siku hizi wavivu, wanataka kazi iwafuate kitandani. Akatafuna chakula chake, akameza, akasema, "Kumbe."

Machi 17

Nimebadilisha tangazo. Nimeongeza bima, likizo na "malori mapya kabisa". Mke wangu, ambaye ni fundi cherehani na hajui lolote kuhusu malori, kasoma akasema, "Umewaambia malori ni mapya. Hujawaambia watu waliomo wakoje." Nikamwambia ashone nguo.

Machi 24

Hakuna mtu. Nimechukua namba za madereva waliowahi kuomba mwaka jana, nikawapigia mmoja mmoja. Tisa hawakupokea. Wa kumi kapokea, nikajitambulisha vizuri, nikataja kampuni. Akauliza, "Ile ya ukuta?" Akakata simu. Watu wana maneno.

Machi 28

Mvua siku nzima. Fundi mkuu wa gereji, ambaye ndiye msimamizi wa jaribio, kasema tangu azaliwe hajaona getini pakiwa kimya hivi. Nikamwambia hata mimi.

Aprili 1

Bosi kaniita. Magunia ya chini yameanza kushika unyevu. Kasema mwezi huu ukiisha bila madereva, kazi ya mbolea inapewa watu wengine na wapakiaji wote wa ghala wanarudi nyumbani. Kasema hivyo akiangalia dirishani, siyo kwa hasira, na hiyo ndiyo iliyonitia hofu. Kisha akaniuliza, "Kwani tuna nini sisi? Tunanuka?" Nikasema nitafanya uchunguzi.

Aprili 4

Nilimwomba baba mkwe aniulizie kwa madereva wenzake wa zamani wanatukwepa kwa nini. Nilimwambia kwa adabu zote. "Nenda mwenyewe, mwanangu," akasema. "Uliza swali moja, halafu unyamaze." Sijui kwa nini maneno yake yaliniuma.

Aprili 7

Sijui niandike vipi siku ya leo. Naandika ilivyokuwa.

Nilikwenda kwenye kibanda cha chai karibu na mizani, malori yanapopangwa foleni kupimwa uzito. Sikusema mimi ni nani. Nilisema nauza matairi. Walikuwepo madereva sita na mama mwenye kibanda, wamebanana kwenye mabenchi mawili kwa sababu ya mvua. Wakanisogezea nafasi, nikapewa chai. Watu wazuri tu. Nikauliza swali langu kama mtu anayepitisha muda: eti kampuni ile pale juu ina malori mapya, mbona hamwendi?

Wakatazamana. Mmoja mnene akasema kila mtu ana sababu zake. Mwingine akasema barabara ya huko ina matope. Nikaona hapa sipati kitu, nikanyamaza kama nilivyoagizwa. Na kweli, mtu ukinyamaza wenzako wanakuzoea. Yule mnene akaanza kusimulia habari za dereva mmoja aliyekuwa anashuka mlimani huku kashikilia honi, anapiga mfululizo, mpaka chini akasimamishwa na askari. Askari anauliza, "Wewe, mbona honi tangu juu kule?" Dereva anamjibu, "Afande, breki ndiyo hiyo."

Nikacheka.

Kicheko changu kina kasoro. Mke wangu anasema nacheka kama pampu ya baiskeli: kinaanza na mluzi, halafu kinapanda, kinapanda, halafu kinaishia na pumzi. Tangu shule wananitania. Leo nilicheka mwenyewe hadi mwisho, nikaona hakuna mwenzangu. Benchi zima limeacha kunywa chai.

"Ni yeye," akasema mmoja aliyekaa pembeni. "Pampu."

Yule mnene akatoa simu, akabonyeza, akaiweka juu ya meza mbele yangu. Sikuhitaji kutazama. Niliisikia mvua, nikasikia honi, nikasikia lori linagonga, halafu nikasikia kicheko. Mluzi, kinapanda, kinapanda. Kila mtu pale alikuwa na video hiyo kwenye simu yake. Mama mwenye kibanda naye anayo.

"Hebu tuambie, muuza matairi," yule mnene akasema. "Wewe hapa unaona nini?"

Nikasema naona lori linagonga ukuta.

"Angalia tena. Usiangalie ukuta."

Akairudisha mwanzo. Nikaangalia. Nikasema sioni kingine. Akaweka kidole kwenye kioo cha simu, mbele kabisa, kwenye kichwa cha lori. Mlango wa dereva unafunguka, mguu mmoja unatoka, unarudi. Lori linasogea kidogo. Mlango unafunguka tena, mguu unatoka, unarudi. Mara ya tatu mlango unafunguka nusu tu, unafungwa. Kisha lori linarudi nyuma na kugonga.

"Mtu anataka kushuka atazame nyuma, mnamrudisha ndani," akasema. "Mvua inanyesha, vioo vimejaa maji, nyuma hakuna wa kumwelekeza, mnamwambia rudi hivyo hivyo. Leo ni ukuta. Kesho nikiwa na mzigo wenu, nyuma yangu kuna soko, nani atanipigia kelele nisishuke? Kazi ya watu wa namna hiyo haiombwi."

Hakuwa ananitukana. Alikuwa ananieleza, na ndiyo maana sikuwa na pa kuweka uso. Mama alichukua kikombe changu kikiwa nusu, akakimwaga nje.

Aprili 8

Nimerudi kusoma niliyoandika Machi 6. Maneno manne. Nilijua Bosi atasoma, nikaona manne yanatosha.

Siku ile alikuja mwanamume wa makamo, kofia imeshuka usoni, koti la mvua lililochanika begani. Alimsalimia kila mtu barazani, hata wale ambao hawakuitikia. Alilizunguka lori lote kwa miguu kabla ya kupanda, akapapasa matairi, na watu wa ghala wakaanza kusema huyu kaja kununua au kaja kuendesha. Mimi nilikuwa dirishani, nimeshatoa simu. Nilikuwa na mazoea ya kuwarekodi wanaokosa na kutuma kwenye grupu la kazini. Watu walikuwa wananisifu, "karani leo umetuua." Nilipenda kusifiwa.

Mvua ilikuwa kubwa. Fundi mkuu hakutaka kulowa, akasimama chini ya paa na kupunga mkono tu. Yule dereva akafungua mlango ashuke. Mimi nilidhani anakata tamaa. Nikapiga kelele kutoka juu, "Rudi ndani, mzee, unaogopa mvua au unaogopa ukuta?" Baraza zima likalipuka. Akarudi ndani. Akafungua tena. Nikasema tena, kwa sababu mara ya kwanza walikuwa wamecheka. Mara ya pili nikaongeza, "Ukishuka umefeli!" Hakuna kanuni kama hiyo popote. Niliitunga pale pale dirishani, na fundi mkuu akaitikia kwa kichwa kana kwamba ipo.

Mara ya tatu alifungua nusu, akatazama juu kwenye dirisha langu. Kisha akafunga, akarudi nyuma, akagonga. Taa ya nyuma ikavunjika. Nikacheka mpaka nikakaa chini. Alirudisha ufunguo, akaomba radhi kwa taa, akaenda.

Nilituma ile video na maneno chini yake: "Uzoefu wa miaka ishirini na sita, tazameni." Miaka hiyo alikuwa ameitaja getini. Mimi mwenyewe ndiye niliyeituma. Ilivyotoka kwenye grupu letu ikaenda duniani, sijui, na kujua hakutabadili chochote.

Mwezi mzima nimeandika humu kwamba hakuna mtu, hakuna mtu, kama mtu anayetafuta miwani aliyoivaa. Lakini mimi nilikuwa najua. Siyo yote. Yule aliyesema "ile ya ukuta" nilimwelewa saa ile ile. Naona aibu.

Aprili 9

Nimemwambia baba mkwe. Nilimkuta amekaa sebuleni anavaa soksi. Nilisimama, sikuthubutu kukaa. Nilisema yote, na dirisha, na maneno niliyopiga kelele.

Akamaliza soksi ya pili. "Kile kicheko nilikijua siku ya kwanza waliponionyesha," akasema. "Wakaniuliza, mzee, mbona umenyamaza? Ningesemaje, ni mkwe wangu?"

Nikamuuliza kwa nini hakuniambia.

"Nimekuja kukaa hapa wiki nne nikusubiri useme. Paa langu halivuji."

Akaniambia yule dereva jina lake la barabarani ni Polepole, na kwamba yeye, baba mkwe, ndiye aliyemfundisha kazi. "Kushuka na kutazama nilimfundisha mimi. Kwa sababu mimi kuna siku sikushuka." Akatazama mikono yake. "Kulikuwa na mtu amejilaza kwenye kivuli cha tela, anapumzika. Tangu hapo, kila niliyemfundisha nimemwambia, hata ukichekwa, shuka."

Hata ukichekwa. Mke wangu alikuwa mlangoni na nguo ya mteja mkononi, na uso wake sikuweza kuutazama. Habari hiyo ya baba yake naye alikuwa haijui.

Aprili 10

Sikwenda kazini. Nilidanganya naumwa tumbo. Halafu likauma kweli.

Aprili 12

Nimemwona Polepole. Anaziba pancha karibu na mizani, kwenye banda la watu. Lori alilokuwa analiendesha, mwenye lori alilichukua alipoona video. Kila alikokwenda kuomba safari hata ya siku moja wanamwita Ukuta.

Nilijitambulisha. Nikasema nimekuja kuomba msamaha kwa kumcheka. Alikuwa ametumbukiza mpira wa tairi kwenye karai la maji, anatafuta povu. Hakuacha.

"Kucheka si neno, ndugu," akasema. "Watu wanacheka. Hata mimi ningekuwa juu huenda ningecheka. Wewe ulinirudisha ndani." Akaona povu, akaweka alama kwa kalamu. "Na mimi nikarudi. Hilo ndilo linaloninyima usingizi. Miaka ishirini na sita nashuka, nikakutana na mtu dirishani, nikaona aibu, nikarudi ndani. Ningeua mtu kwa aibu."

Nilimwambia kazi ipo, fomu ipo, hakuna jaribio, aje kesho aanze. Akasema hapana, jaribio atalifanya. Tarehe ishirini, saa saba, lori lile lile. "Watu wa ghala wawepo na chakula chao. Na wewe usikae juu. Utakaa nyuma yangu, kwenye kona ya ukuta."

Nikasema sawa. Kusema kweli niliogopa.

Aprili 15

Fundi mkuu: "Tangu lini karani anapanga jaribio?" Nilimwambia lile neno la ukishuka umefeli nililitunga mimi. Akasema, "Najua. Na mimi nilitikisa kichwa ili nisilowe." Basi tukabaki tumesimama pale, watu wazima wawili, tunatazama lori.

Aprili 20

Mvua ile ile, kama imeagizwa.

Nje ya uzio walikuwepo madereva, hata sikuwahesabu. Yule mnene alikuwepo. Barazani watu wa ghala walikuwa na sahani, lakini hakuna aliyekula. Nilisimama kwenye kona ya ukuta, viatu vya ofisini ndani ya tope. Kutoka dirishani lile lori ni kitu kidogo. Ukiwa nyuma yake ni nyumba inakujia kinyumenyume, na dereva humwoni kabisa. Nikaelewa kwamba na yeye hanioni.

Alilizunguka. Akapapasa matairi. Akapanda, akarudi kama hatua nne, akasimama. Mlango ukafunguka. Akashuka, akaja mpaka nilipo, akatazama kona, akatazama nguzo, akatazama viatu vyangu. "Sogea kushoto kidogo," akaniambia, "hapo nisipokuona nakubana na ukuta." Akarudi, akapanda. Akasogea, akasimama, akashuka tena. Hakukimbia hata mara moja. Maji yalikuwa yanachuruzika kwenye kofia yake, na uwanja mzima tulimsubiri. Mara ya tatu alishuka tela likiwa limeshaingia, limebakiza kiasi cha mkono mmoja. Alipima kwa kiganja. Akarudi, akalimalizia, likagusa mpira wa sehemu ya kupakilia bila kutoa sauti.

Hakuna aliyepiga makofi. Nadhani hakuna aliyejua kama anaruhusiwa.

Alinipa ufunguo. Mimi nilikuwa na fomu ndani ya koti, nimeifunga na nailoni isilowe, na kalamu. Nikamnyooshea. Hakuipokea.

"Kaa nayo," akasema. "Wewe siku ile ulipiga picha. Leo andika. Siku zote mbili uziandike."

"Na kazi?"

"Mimi sirudi kufanya kazi chini ya dirisha lile. Hawa," akaonyesha uzio kwa kidevu, "wakiona mlango unafunguka, watakuja wenyewe."

Akasalimiana na fundi mkuu, akatoka getini. Yule mnene akamvua koti lake lililochanika begani, akamvalisha la kwake.

Aprili 22

Tangazo jipya nimelibandika leo. Nimeondoa bima na likizo, zitajulikana humu humu ndani. Nimeandika: "Hapa dereva akitaka kushuka kutazama, anashuka. Nyuma yake atasimama mtu." Jaribio limehamishiwa asubuhi, wapakiaji wakiwa ghalani. Anayesimama nyuma ni mimi.

Wamekuja wawili.

Aprili 23

Watatu.

Aprili 25

Wawili. Nimenunua mabuti.

Aprili 28

Wa tisa na wa kumi wamekuja pamoja. Wa kumi ni yule mnene. Alijaza fomu mezani kwangu bila kuniangalia, na mahali pa kuandika alivyoipata habari ya kazi akaandika: Polepole. Mbolea inaanza kuondoka kesho alfajiri.

Aprili 30

Bosi kanisifu mbele ya watu wote. Kasema karani kaokoa msimu, watu wakapiga makofi, nami nikasimama pale nikiyapokea kama mtu anayepokea mzigo wa mwenzake. Kisha akasema anataka daftari asubuhi, asome nilifanyaje, huenda na kampuni nyingine zikajifunza.

Nilipofika nyumbani nilishika ukurasa wa Aprili 8. Sitasema uongo, niliushika. Nilitazama kama ukichanwa taratibu kwenye uzi utaonekana. Baba mkwe alikuwa anafunga begi lake, anarudi kwake. "Paa limepona," alisema. Aliniona na lile daftari na hakuuliza kitu. Mke wangu ndiye aliyesema, akiwa ameinamia cherehani, "Ukiuchana utanikuta mimi hapa hapa, na mimi nimeshausoma." Nikauachia.

Bosi, ukiwa umefika hapa, umeshayasoma yote. Ulitaka kujua madereva walikuwa wanatukwepa kwa nini. Walikuwa wananikwepa mimi. Machi 6 nilikuandikia maneno manne, na hayakutosha. Viti kumi vina watu, lakini aliyestahili cha kwanza anaziba pancha karibu na mizani, na mwenye lori lake bado hajamrudishia ufunguo. Nimekwenda kwa huyo mwenye lori mara mbili kumweleza, hajanifungulia geti. Kesho nitakwenda tena. Kwa hiyo ukiniita asubuhi usinikute mezani, nipo kwenye geti lile, nasubiri.